Km 100 za Basilicata zinachosha kuliko km 100 za Alps. Sababu hasa ni ipi?

#1 Kaseti34
Wakuu, salaam. Nataka tulichambue hili la kuendesha baiskeli Basilicata, mkoa wa kusini mwa Italia, kwa namba. Chukua njia ya Matera – bwawa la San Giuliano – Miglionico – Ferrandina – Craco – Stigliano. Ni kama km 95 hadi 100. Matera iko mita 401. Unashuka hadi bwawani, karibu mita 100, unapanda Miglionico kwenye 460 hivi, unashuka bonde la Basento, unapanda Ferrandina karibu 490, unashuka tena, unapanda Craco 391, halafu Stigliano 909. Ukijumlisha vipando vikubwa tu unapata mita 1,500 na ushee, na vidogo vya katikati vinakusogeza kuelekea 1,900.

Sasa Stelvio, njia maarufu ya juu ya Alps, kutokea Prato ni mita 1,808 za kupanda, km 24, wastani asilimia 7.4. Jumla zinakaribiana. Lakini waendeshaji wazoefu, walewale, wanamaliza Stelvio wakiwa na miguu na kufika Stigliano wakiwa hawana. Kwa nini?

#2 PanchaZero
Gia. Wengi wanakuja kusini na kaseti (gia za nyuma, kwa idadi ya meno) ya 11-28 kwa sababu wameambiwa "ni vilima tu". Krenki (gia za mbele) ya 50/34, gia nyepesi kabisa ni 34 kwa 28. Kwa tairi la mm 28, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 2.6. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda km 9.3 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mtu wa kilo 75 na baiskeli pamoja na maji kilo 10, hapo unatakiwa kutoa kama wati 230. Weka 11-34: mita 2.1 kwa mzunguko, km 7.7 kwa saa, wati 190. Tofauti ya wati 40 kwenye kila ukuta wa kuingilia mji. Na miji yote ya huko ina ukuta wa mwisho, barabara ya kuingia ndiyo kali kuliko zote.

Anayebadilisha azingatie: derela (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo) ya mkono mfupi nyingi zinaishia 28 au 30. Kwa 34 unahitaji ya mkono mrefu, na mnyororo uongezwe pingili. Usipoongeza, siku ukiteleza ukaingiza kubwa mbele na kubwa nyuma, derela inavutwa mpaka kinapinda kile kipande kinachoishika kwenye fremu. Kipande hicho beba cha akiba, maana kila fremu ina umbo lake na duka la Stigliano halitakuwa nacho.

#3 Mama Spoki
Mkuu PanchaZero, gia ni kweli lakini haijibu swali. Aliyepanda Stelvio na 34 kwa 34 na akapanda Stigliano na hiyohiyo bado anaona tofauti.

Tazameni ramani ya mito. Bradano, Basento, Cavone, Agri, Sinni: mitano yote inatoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, inaingia bahari ya Ionia, imekwenda sambamba. Katikati ya kila mto na mto kuna mgongo mrefu wa udongo, na miji imekaa juu ya mgongo. Njia ya Kaseti34 inaelekea kusini-magharibi, yaani inakata migongo yote kwa upana, kama anayekwenda juu ya meno ya msumeno. Kila mita uliyopanda unairudisha yote mtoni kabla hujapewa nyingine.

Ukitaka kulithibitisha, fuata mgongo badala ya kuukata: Bernalda – Pomarico – Miglionico – Grottole – Grassano – Tricarico. Yote iko kati ya Bradano na Basento. Mkoa uleule, joto lilelile, lami ileile, na miguu inabaki.

#4 Tyubu_ya_Akiba
Lami. Hamjaitaja lami! Barabara za wilaya, zile zenye alama ya SP, zimepasuka, zimezama upande mmoja, zina changarawe kila kona. Baiskeli inatetemeka, tairi linakula nguvu yako yote. Alps lami ni kioo.

#5 Wati_kwa_Kilo
Ndugu Tyubu, weka hesabu. Lami mbovu inapandisha msuguano wa tairi, tuseme kutoka 0.005 hadi 0.008. Kwa uzito wa kilo 90 na mwendo wa km 9 kwa saa mlimani, hiyo ni wati 6 au 7. Kwenye asilimia 8 zaidi ya tisa ya kumi ya nguvu inakwenda kupambana na mvutano wa dunia, siyo lami. Kwenye tambarare, km 25 kwa saa, inafika kama wati 18, hapo ndipo utaisikia. Lakini njia ile haina tambarare ya maana.

Lami mbovu inachosha mahali pengine: kwenye mteremko. Alps unashuka ukiwa umekaa, unakula, unakunywa. Kati ya Ferrandina na bondeni unashuka umeshika breki, umesimama kwenye pedali, macho yanatafuta nyufa. Mikono, shingo na mapaja vyote kazini. Hakuna mapumziko.

#6 Mlima_Meru
@Wati_kwa_Kilo kushuka Stelvio upande wa Prato ni kona 48 za kurudi nyuma. Nako hupumziki. Hoja yako inavuja.

#7 Wati_kwa_Kilo
Kati ya kona na kona unaachia breki. Ukishuka kutoka Craco huachii, kwa sababu hujui lami iliyo mbele kama ipo.

#8 Gari_Bovu
Hata mapro wanajua kusini si mchezo. Giro, mbio kubwa za Italia, ya 2022, hatua ya kwenda Potenza, hakuna Alps hata moja na bado kundi lilipasuka vipande. Kämna alishinda siku ile.

#9 Mama Spoki
Kämna alishinda Etna, hatua ya 4. Potenza ilikuwa hatua ya 7, kutoka Diamante, km 196, na mshindi alikuwa Koen Bouwman, akiwa na Mollema, Formolo na Dumoulin. Mfano wenyewe ni mzuri ila utumie vizuri: siku ile kulikuwa na kupanda takribani mita 4,500, na kilima cha juu kuliko vyote hakikufika hata kimo cha njia za juu za Alps. Sirino, Viggiano, La Sellata, kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo Basilicata.

#10 Gari_Bovu
Nimerekebishwa, asante dada.

#11 Daraja_la_Nyali
Mnasahau saa. Mwili haujui mita, unajua joto na maji. Julai kwenye mabonde yale nyuzi 35 na kupanda ni kawaida, kivuli hakuna, udongo mweupe unarudisha jua usoni. Stelvio unapanda kuelekea kwenye baridi, kule unashuka kuingia kwenye tanuri kila baada ya saa moja.

Na maji: Puglia, mkoa wa jirani, una zile fontana (mabomba ya umma) za chuma za Acquedotto Pugliese, kampuni ya maji, karibu kila uwanja wa mji, maji ni ya bure na mazuri. Basilicata fontana ziko mijini, juu. Kati ya Craco na Stigliano usitegemee kitu. Chupa mbili za ml 750 zijae, na ya tatu mfukoni. Kwa joto hilo unahitaji ml 750 kwa saa, chumvi ndani yake, na gramu 60 za wanga kwa saa. Ukiona kibao cha "acqua non potabile" (maji yasiyofaa kunywa) usinywe, ila mwagia kichwani na shingoni.

Maduka ya vyakula yanafungwa kama saa 7 mchana mpaka saa 11 jioni. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu, karibu kila kitu kimefungwa. Anayeondoka Matera saa 3 asubuhi anafika Ferrandina duka likiwa limeshashusha mlango. Ondoka saa 12 asubuhi.

#12 Mlima_Meru
Wewe wa Mombasa mlima wako mrefu kuliko yote ni daraja la Nyali, leo unatufundisha kupanda Stigliano 😄

#13 Daraja_la_Nyali
Daraja la Nyali lina upepo wa bahari, usilidharau. Na afadhali umenikumbusha upepo. Mabonde yale, kama Mama Spoki alivyosema #3, yamelala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Maestrale inatoka kaskazini-magharibi, sirocco inatoka kusini-mashariki. Bonde la Basento linakuwa bomba. Anayefuata bonde kutoka Metaponto, pwani, kwenda juu siku ya maestrale anapigwa usoni siku nzima. Sirocco nayo inakusukuma lakini inakukausha.

#14 Mama Spoki
Sawa, lakini njia ya #1 inalikata bonde, hailifuati. Upepo utaupata wa ubavu kwa dakika chache.

#15 Altimita
Wote mnajadili namba ambayo huenda si sahihi. Nani kasema ni mita 1,900? Programu za kupanga njia zinasoma kimo kwenye ramani ya gridi. Barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, gridi inaweza kusoma korongo la chini au ukingo wa juu. Kwenye daraja refu inasoma mto ulio chini, kwenye handaki inasoma mlima ulio juu. Halafu programu inalainisha mchoro, vile vipando vya mita 8 au 10 vinafutika. Njia yenye kipando kimoja kirefu kama Stelvio haipotezi kitu. Njia ya mawimbi inapoteza mengi. Kwa hiyo inawezekana kabisa mnalinganisha 1,808 za kweli na 1,900 ambazo kwa kweli ni 2,200.

Kifaa chenye kipimo cha hewa ni bora, ila kitundu chake kikiziba kwa jasho au mvua kinasoma uongo. Kifute, na uweke kimo mwenyewe mwanzoni: Matera 401.

#16 Kaseti34
Hoja ya #15 sikuitegemea. Ila hata mita 300 zaidi hazielezi tofauti yote.

#17 Msomaji_Tu
Samahani, swali la pembeni: kwa nini miji yote ilijengwa juu kabisa? Nani alitaka kubeba maji mpaka kule?

#18 Mama Spoki
Malaria. Mabonde na uwanda wa Metaponto yalikuwa na mbu wa malaria mpaka katikati ya karne iliyopita. Walipiga vita kubwa ya DDT baada ya 1945, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza Italia haina malaria mwaka 1970. Leo uwanda ule ni mashamba ya matunda, lakini miji ilishakaa juu.

#19 Mlima_Meru
Malaria ni sehemu. Ulinzi pia: pwani ilivamiwa kwa karne nyingi, na kutoka juu unamwona mgeni akiwa mbali. Na mabonde yenyewe yanafurika.

#20 PanchaZero
Na juu kwenyewe kunaporomoka. Craco ilianza kuhamwa baada ya maporomoko ya 1963, watu wakapelekwa Craco Peschiera, chini bondeni. Mji wa zamani umebaki mtupu, barabara inapita chini yake.

Hapa ndipo mnapopata jibu la lami pia. Udongo ni mfinyanzi wa kijivu. Mvua za baridi zikija unanyonya maji na kuvimba, kiangazi unakauka na kupasuka. Barabara iliyo juu yake inasafiri nao. Ukiweka lami mpya leo, misimu miwili mitatu imezama upande wa bondeni.

#21 Tyubu_ya_Akiba
Mfinyanzi ulikuwepo tangu zamani, na barabara zilikuwa zinatengenezwa. Sababu ni fedha. Sheria ya 2014, wanaiita Delrio, ilizipunguzia serikali za wilaya zao madaraka, fedha na watumishi, huku barabara za SP zikibaki mikononi mwao. Barabara za SS, za taifa, ziko kwa ANAS, kampuni ya barabara ya serikali, na utaona tofauti ukivuka kutoka moja kwenda nyingine.

#22 Mlima_Meru
Au magari yamehama tu. Ilipojengwa Basentana, barabara kuu ya bondeni, SS407, barabara za juu hazina tena mtu wa kuzililia. Hizo ndizo sisi tunazozipenda kwa kuwa hazina magari. Huwezi kuwa na vyote viwili.

#23 Bwana_Kona
Mtabishana mpaka kesho. Wanaokwenda wanahitaji kujua vibao:

"Strada dissestata" ni lami mbovu, baiskeli inapita, punguza mwendo. "Frana" ni maporomoko, soma kibao cha chini yake kinachotaja kilomita. "Strada interrotta" au "chiusa al traffico" ni barabara imefungwa. Mara nyingine ni nusu ya njia imezama na baiskeli inabebwa begani kwa mita 20, mara nyingine daraja halipo kabisa. Muulize mtu baa ya mwisho kabla hujashuka, kwa sababu ukikuta haipitiki unapanda tena mita 350 ulizoshuka. Kibao cha buluu chenye gari jeupe ni barabara ya magari tu, baiskeli marufuku. Cha kijani ni autostrada, barabara kuu ya kasi.

Pwani ya Maratea ni hivyohivyo: tarehe 30 Novemba 2022 mwamba uliporomoka Castrocucco ukafunga SS18. Anayepanga kushuka pwani yote kutoka Sapri akague hali ya kipande hicho kwanza, njia ya kuzunguka ni ya milima.

Na mahandaki: sheria ya barabara ya Italia, kifungu cha 182, inataka mwendesha baiskeli avae kizibao cha kung'aa ndani ya handaki muda wote, mchana na usiku. Kinakunjika, kiweke mfuko wa nyuma. Taa nyekundu iwake kabla hujaingia, maana dereva anatoka kwenye jua na macho yake hayajazoea giza.

#24 Msomaji_Tu
Tairi gani na upepo kiasi gani?

#25 PanchaZero
Kwa kilo 75, bila tyubu: mm 28 weka psi 66 mbele na 70 nyuma. Mm 32 weka 54 na 58, na kama fremu inaruhusu chagua 32. Rimu isiyo na ndoano ya kushika tairi mwisho wake ni bar 5, yaani psi 72, usivuke. Maji ya kuziba ml 35 hadi 40 kila tairi, na ukikaa wiki kwenye joto lile kagua, yanakauka haraka.

Kinachopasua kule siyo miiba sana. Ni ukingo wa lami iliyozama: unaugonga ukiwa na kasi, tairi linabanwa na rimu, linakatika ubavuni, na maji hayazibi mkato wa ubavuni. Beba kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani na tyubu moja.

#26 Wati_kwa_Kilo
Na breki. Kilo 90 zikishuka mita 400 ni kilojuli 350 za joto, na kwenye mteremko wa lami mbovu karibu zote zinaishia kwenye breki kwa sababu huendi kasi ya kuuachia upepo kazi. Usiburuze breki moja kwa moja. Bana kwa nguvu sekunde mbili, achia, bana tena, za mbele na nyuma pamoja. Diski mm 160 zote mbili. Pedi laini zikiungua uso wake unakuwa kama kioo na breki inalia bila kushika. Mwenye breki za rimu ya kaboni achague njia nyingine.

#27 Gari_Bovu
Mbwa je? Nasikia wapo.

#28 Bwana_Kona
Wapo, weupe wakubwa wa Maremma, wanalinda kondoo. Wanafukuza kinachokimbia. Ukiwa unapanda huwezi kuwashinda, usijaribu. Shuka, weka baiskeli kati yako na mbwa, ongea kwa sauti ya chini, tembea taratibu ukiwaondokea kondoo. Usipite katikati ya kundi. Mchungaji mara nyingi yuko karibu, subiri awaite.

#29 Msomaji_Tu
Kwa asiyetaka meno ya msumeno aende wapi?

#30 Daraja_la_Nyali
Valle d'Itria: Locorotondo, Cisternino, Martina Franca. Uko kwenye mita 400 hivi muda wote, vilima vifupi. Tatizo ni kuta za mawe pande zote mbili za vijia, njia panda haionekani mpaka uko ndani yake. Ile njia ya Acquedotto Pugliese, km 500 kutoka Caposele hadi Santa Maria di Leuca, ni nzuri lakini sehemu nyingi ni changarawe na haijakamilika yote. Usiende na tairi la mm 28, weka 38. Mkate wa Altamura ubebe, unakaa siku kadhaa bila kuharibika.

#31 Mlima_Meru
Na Calabria: Ciclovia dei Parchi, km 545, Laino Borgo hadi Reggio Calabria, inapita Pollino, Sila, Serre na Aspromonte, ina vibao vyake. Sila ni kipando kirefu halafu msitu na maziwa juu, kivuli kipo. Ganna alishinda hatua ya Giro ya Camigliatello mwaka 2020 baada ya kupanda Montescuro kama km 24, wastani asilimia 5 na kitu. Hicho ndicho kipando cha mtindo wa Alps, tena kusini. Na hakichoshi kama Stigliano! Hoja ya Mama Spoki inapata nguvu.

#32 PanchaZero
Au hoja yangu: asilimia 5 kila gia inatosha.

#33 Daraja_la_Nyali
Au yangu: msitu, kivuli, mita 1,600.

#34 Wati_kwa_Kilo
Kuna jambo halijasemwa. Kipando cha saa moja na nusu kila mtu anakipanga, anaanza polepole. Cha dakika 25 anakiona mwisho wake, mji uko pale juu, anaongeza. Wati 280 badala ya 220, mara nne. Mwili haulipi kwa wastani, unalipia zaidi zile za juu. Huenda tatizo ni mwendeshaji na siyo njia.

#35 Mama Spoki
Basi tupime. Bernalda hadi Tricarico juu ya mgongo, halafu Matera hadi Stigliano. Mtu yuleyule, gia ileile, wati 200 zisivukwe, saa 12 asubuhi, mwezi Mei.

#36 Altimita
Bernalda iko chini kabisa, Tricarico karibu 700. Unapanda tu kwa ujumla, huo si mgongo mtupu. Na kati ya Miglionico na Grottole nako kuna kushuka. Atakayekwenda aweke kimo cha kuanzia mwenyewe, arekodi kwa kipimo cha hewa, na alete faili zote mbili hapa bila kuzilainisha.